Mkono wa Mwali na Sifongo ya Mwambani

Katika miaka ya hamsini, kijijini kwetu kaskazini ya Pangani, mwali aliyeposwa hakutoka nje. Dada yangu alikuwa ametawishwa chumba cha uani, akisingwa liwa, unga wa msandali, na somo yake, mwanamke mnene aliyemfunda, akingojea kuolewa na fundi cherehani wa Makorora, mjini Tanga. Harusi ilikuwa Ijumaa. Mwanzoni mwa wiki hiyo maji yalikuwa ya bamvua, mwamba umekauka hadi mbali. Mama alikuwa Tanga akinunua vitambaa, na somo amekwenda mazikoni.

"Mjini nitamvua wapi pweza, sokoni?" dada alisema. Akajitanda kanga za mama hadi machoni, akachukua kijiti cha kuchokolea mashimo. Nilimfuata na kikapu.

Pweza wa kwanza alitoka kwa kijiti. Wa pili aling'ang'ania ndani ya jiwe, dada akaingiza mkono. Mlangoni mwa shimo paliota sifongo nyekundu, laini kama mkate wa boflo. Niliitazama. Mawe ya pembeni yalijaa mwani, chaza na alama za meno ya samaki. Ile sifongo haikuotwa na kitu juu yake wala haikung'atwa popote. Dada aliisukuma kwa vidole ili apite.

Tulifika nyumbani mkono wake wa kulia unawaka. Alasiri vidole vilikuwa vimevimba, havikunjiki.

Somo aliporudi alimsogelea dada. Alinusa.

"Unanuka mwamba."

"Nimekosa, somo."

"Pweza wangapi?"

"Wawili."

"Wawili! Kwa mkono wa harusi, angalau ungeleta papa."

Akaukanda kwa maji moto na siki. Nilimuuliza sifongo ina nini hata iume.

"Haina miguu, haina meno, haina gamba," alinijibu. "Ungekuwa wewe, ungejilindaje?"

Ukubwani nilisoma kwamba wataalamu husaga sifongo za bahari, huziloweka katika spiriti na kutenga kemikali zilizomo, wazijaribu kama zitafaa kuwa dawa. Sikushangaa. Nilikwisha kuona zinachoweza kufanya kwa kuguswa tu.

Wakati ule shida yetu ilikuwa hina. Kabla ya harusi wanawake wa upande wa bwana wangekuja kumtazama mwali, na mkono uliovimba, usiotiwa hina, ungewaambia kwamba alitoka. Posa zilivunjika kwa madogo kuliko hayo. Jumatano uvimbe ulipungua, lakini ngozi ilianza kubambuka. Somo alimtia tone moja la hina kidoleni, dada akapiga ukelele. Akalifuta, akachora maua mkono wa kushoto peke yake.

"Tuseme kaungua uji," alisema mama, ambaye alikwisha kurudi kutoka Tanga.

"Na mwali kapikaje uji?" somo akamuuliza.

Alhamisi alikuja shangazi wa bwana harusi, mwanamke mrefu asiye na maneno mengi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Lete mikono."

Dada alitoa wa kushoto.

"Na mwenziwe?"

Akautoa. Shangazi aliugeuza, akatazama vidole vilivyobambuka na kiganja kilichosalimika.

"Sifongo hii," akasema. "Ile nyekundu?"

Mama alikuwa amekwisha kufungua kinywa. Dada akamtangulia.

"Ndiyo, shangazi. Nilitoka mwenyewe kwenda mwambani. Mama hakuwapo, na somo hakujua."

Shangazi hakuuachia mkono. Somo aliinamisha kichwa.

"Mimi ilinila nina mimba ya kwanza," shangazi alisema. "Usijikune, itakwisha. Somo, hina imebaki?"

"Ipo."

"Basi mtie miguuni, nzito, mpaka juu ya vifundo. Watu watazame chini."

Ijumaa dada alitolewa hivyo, miguu myeusi kwa hina, mkono mmoja una maua na mmoja mtupu. Wanawake walipouliza, shangazi aliwahi kujibu kabla yetu:

"Ndivyo tunavyotaka kwetu."