Mboga Yenye Mabawa

Hii aibu nimeificha miaka mingi, na mkicheka chekeni polepole, maana mwenyewe bado naisikia shingoni. Ilikuwa miaka ile ya hamsini, nimetoka kwetu Bungoma nikapata kazi ya jikoni kwa familia moja ya Wahindi huko Parklands, na kazi niliihitaji kweli, kwa sababu Nairobi ya siku zile Mwafrika asiye na mwajiri alipakiwa kwenye garimoshi akarudishwa kwao, nami kanisa zima lilikuwa limeniombea safari njema.

Hata sijazoea nyumba, mama mwenye nyumba akaniambia, "Wekesa, leo wageni mingi ya hekalu. Enda soko, lete mboga mzuri kabisa."

Ningeuliza tu "mboga gani, mama?" mambo yangeishia hapo. Lakini niliogopa kuonekana mshamba (nilikuwa mshamba), nikaitikia "ndiyo, mama" nikashika kikapu. Kwetu mboga ni chochote cha kuteremshia ugali, iwe kunde, iwe samaki, na ukisema mboga nzuri kabisa, ya wageni, tena wageni wa dini, hakuna Mluhya atakayekuuliza mara mbili, ni kuku. Kwamba tangu nifike sijaona hata mfupa jikoni mle, hilo niliona, ila nilidhani ni ubahili.

Basi nikashuka soko la mjini, nikachagua jogoo mwekundu mwenye adabu (adabu yake iliishia sokoni), nikarudi naye kwapani nimejaa furaha, na ili mama aone nilivyochagua, nikapitia mlango wa mbele, ambako wageni walikuwa wameketi sakafuni na masinia ya chakula katikati. Nikasema, "Mama, mboga hii hapa." Jogoo akachomoka. Alipita juu ya wali, akakanyaga maziwa mgando, akatua karibu na taa ya sala, akawika.

Hakuna aliyepiga kelele, na hicho ndicho kilichonimaliza. Mama alisema kwa sauti ndogo, "Sisi hapana kula nyama, Wekesa." Chakula chote kikawa hakiliki tena.

Nilimkamata jogoo, nikamfunga miguu uani, nikaingia chumba changu cha nyuma nikaanza kufunga nguo kwenye shuka, nikilia, sifichi, na kujitukana: mjinga, kichwa maji, rudi kwenu. Maneno yale nisingemwambia hata mwizi.

Mlangoni akasimama mama mkwe wa yule mama, kikongwe ambaye sote tulimwita Ba kama wajukuu wake.

"Wewe nagombana na nani?"

"Na mimi mwenyewe, Ba."

Akaketi kizingitini. Akanisimulia alivyofika Mombasa bi arusi mpya, mwanamke wa sokoni akamwita dada. "Kwetu dada ni babu," akasema, akajishika kidevu. "Babu ya ndevu." Alijifungia ndani akilia na kujitazama kwenye kioo, hadi mtu akamweleza.

"Jana mimi mwaga maziwa," akaendelea. "Wewe sema nini?"

"Nilisema pole, Ba."

"Kosa yangu, wewe sema pole. Sasa kosa yako. Sema."

Sikuweza. Sisi mtu akijikwaa tunampa pole hata kama jiwe aliliona, lakini mimi mwenyewe sikuwa nimewahi kujipa. Nilijaribu, ikakwama, nikajaribu tena, mwishowe ikatoka, kidogo tu, na moyo ukatulia kidogo. Ba akainuka. "Mimi ongea na yeye. Wewe kuja menya viazi, wageni nasikia njaa."

Walingoja wale wageni, wakala, na kazi ile niliifanya miaka mingi. Jogoo alirudi sokoni.

Tangu siku ile naapa siendi sokoni bila kuuliza mboga gani, hata nikitumwa na mke wangu, naye hukasirika. Na nikikosea, nikimwaga chai au nikisahau jina la mtu, hujiambia pole, kwa sauti. Mke wangu huitikia kutoka chumba cha pili, "Asante," akidhani ni yake. Simsahihishi. Inatutosha wote wawili.