Mjomba na Masanduku Sita ya Chuma

Mjomba wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma. Alimuuguza mama yangu, dada yake, mpaka akafariki. Akanilea mimi, na sasa ananisaidia kumlea binti yangu wa miezi minane, maana baba yake mtoto ni dereva wa malori ya safari za mbali, na nyumbani hufika kama mgeni. Tunaishi vyumba viwili. Cha mbele analala Mjomba pamoja na mageti ya watu ambayo hayajachukuliwa, kwa hiyo anayekuja kutusalimia hupita mageti mawili kabla ya kupewa kiti.

Mtaani anaitwa Tone. Kila kitu anachokitengeneza, kiwe geti, kitanda au kiti, akimaliza hukigeuza chini juu na kukidondoshea matone matatu ya chuma yaliyojipanga, mahali ambapo mwenye mali hataona. Mafundi wenzake walikuwa wakimcheka kwamba anatia sahihi kwenye makalio ya vitanda vya watu. Yeye aliwajibu kuwa mzazi lazima awajue wanawe, hata wakiolewa mbali.

Banda lake la kazi lilikuwa nguzo nne na mabati, kando ya ukuta wa ghala, pamoja na mabanda mengine kama hamsini ya maseremala, mafundi redio na washona viatu. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na leseni. Si kwamba hawakuitaka. Ofisi ya leseni inataka barua ya eneo, na ofisi ya maeneo haimpi barua mtu asiye na leseni. Mjomba alizunguka kati ya madirisha hayo mawili miaka na miaka, mpaka karani mmoja akamzoea, akawa anamuuliza habari za nyumbani. Mara mbili manispaa ilibomoa banda, mara mbili akalisimamisha. Kuku wa maskini hatagi, alikuwa akisema, na akitaga haangui, lakini hiyo si sababu ya kumchinja.

Mwaka jana alianza kuja mwanamke mmoja kila Alhamisi, mwalimu wa chuo kikuu, mchumi. Alikuwa anataka kujua mafundi wanafanyaje kazi bila karatasi. Siku ya kwanza Mjomba alimuuliza kama huo uchumi amekuja kuuleta au kuuchukua. Mwalimu akacheka, akakaa juu ya bomba lililotoka kuchomelewa muda huo huo, akaruka kama mtoto. Tangu siku hiyo wakawa watani.

Mimi nilikuwa napeleka chakula cha mchana na mtoto mgongoni, nikibaki kidogo kuwasikiliza. Mwalimu alikuwa akituambia kwamba watu hudhani maskini ni asiye na kitu mfukoni. Kumbe maskini zaidi ni yule anayelazimika kuomba ruhusa ili atokwe jasho lake mwenyewe. Mjomba alimwambia hayo maneno ayapeleke dirishani kwa karani, maana pale bandani kila mtu anayajua.

Sasa nieleze habari ya yule mteja.

Alikuja siku ambayo si Alhamisi. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi mpaka mikono ina mistari, na kucha zake zilikuwa safi kuliko za binti yangu. Alitaka masanduku sita madogo ya chuma kinene yenye vifuniko vya kufunga kwa skrubu. Akasema ni ya kuhifadhia mita za maji zisiibwe. Mjomba alipopiga hesabu ya vyuma, yule bwana akamsahihisha kwa kichwa, bila kalamu, na bila kumdharau. Akamwita fundi kwa heshima. Bei aliyotajiwa aliikubali hapo hapo. Alipoondoka Mjomba aliniambia kuwa leo ameonana na malaika, maana mwanadamu lazima apunguziwe.

Alirudi kuyachukua baada ya siku nne. Mjomba alikuwa amevaa kinyago chake cha kuchomelea, anamalizia geti, akamwonesha tu kwa kidole masanduku yalipo. Mimi ndiye niliyezungumza naye. Aliniomba maji ya kunywa nikampa. Akamtazama mtoto, akasema, "Huyu atasoma sana." Nikafurahi siku nzima.

Jumatatu iliyofuata, saa nne asubuhi, mabati ya banda yalitetemeka kwanza, ndipo sauti ikafika. Ulikuwa mlipuko kwenye ukumbi wa manispaa, ule wa madirisha ya leseni. Walikufa watu kumi na tisa waliokuwa kwenye foleni. Mmoja wao ni mshona viatu aliyekuwa akikaa mkabala na Mjomba. Asubuhi ile alivaa koti la kuazima ili karani amheshimu. Alikuwa amempitia Mjomba waende pamoja, Mjomba akamwambia atangulie, kuna geti la watu.

Siku mbili hakuna aliyefanya kazi. Watu walikaa kwenye vibao vyao wakitazama kile kiti kitupu. Mjomba alikuwa akianza kusema neno, halafu analiacha.

Jumatano asubuhi ikaja gari, wakashuka watu watatu. Mkubwa wao alikuwa mpelelezi wa makamo, mpole wa sauti. Alimsalimia Mjomba, akatandika gazeti juu ya meza ya kazi, akaweka juu yake kipande cha chuma kilichojikunja kama jani lililokauka. Mjomba akakichukua kama anavyochukua chuma chochote, akakigeuza, akapitisha kidole gumba kwenye yale matone matatu. Uso ukamkunjuka. Ndiyo mara ya kwanza tangu Jumatatu.

"Kazi yangu hii," akasema. "Nani ameiharibu namna hii?"

Mimi nilielewa kabla yake. Sijui niseme nini zaidi ya hapo. Nilimwona mpelelezi akiwatazama wenzake, nikamwona Mjomba bado anakipapasa kile chuma, anakihurumia, kisha mkono ukasimama. Akakiweka chini polepole sana. Akayafuta matone kwa shati lake kama mtu anayefuta uso wa mtoto, akatazama kile kiti cha mshona viatu, akakaa chini vumbini. Walimwinua wao.

Kituoni nilifika kwa miguu, mtoto analia kwa jua. Sikukatazwa kuingia. Mpelelezi alinipa kiti, akaniuliza taratibu mambo ambayo yote yalikuwa kweli. Je, Mjomba amebomolewa mara mbili? Ndiyo. Amenyimwa leseni miaka mingi? Ndiyo. Amewahi kusema maneno makali juu ya manispaa? Nani hajawahi. Ameachiwa mzigo wa watoto wa watu? Hapo nilimpangusa mtoto jasho, maana mzigo wenyewe ni mimi. Akafunga daftari akasema mtu wa namna hiyo ana kila sababu. Ikiwa ni kweli kuna mteja, basi mteja ni mwenzake.

Nikasema mimi nilimwona. Akaniletea picha, nyingi, zimebandikwa kwenye daftari kubwa. Nikafunua moja moja huku mtoto akitaka kuzilamba. Wachukuzi wa mizigo. Wachuuzi. Wasukuma mikokoteni. Wengine niliwajua, mmoja alikuwa anatuuzia mkaa. Kola zimechanika, macho yamekata tamaa kwa sababu ya kupigwa picha pale. Yule bwana hakuwemo.

"Tazama tena, dada."

Nikatazama tena. Hakuwemo. Ndipo Mwalimu akaingia. Viatu vyake vilikuwa vimejaa vumbi, na alikuwa amebeba madaftari yake yote ya Alhamisi kifuani kama mtu aliyeokoa vitu kwenye moto. Walikuwa wamemweka dirishani nje saa nzima. Mpelelezi alipomrudia maneno yale ya kwamba Mjomba ana kila sababu, Mwalimu hakupandisha sauti.

"Afande, habari za watu wanaotega mabomu nimezisoma miaka kumi na moja," akasema. "Ukiwapanga mstari, wenye njaa ni wachache kuliko unavyodhani. Mwenye njaa anawaza mlo wa jioni. Hana nafasi ya kuibeba dunia nzima kichwani."

"Kwa hiyo tukakamate matajiri?"

"Sijasema hivyo. Nasema umaskini si ushahidi. Hasira huyu mzee anayo, hata mimi ningekuwa nayo. Lakini mlipombomolea alifanya nini? Alijenga tena. Nimeandika humu siku aliyoanza kuchimba mashimo ya nguzo."

Mpelelezi alimsikiliza, nampa haki yake. Akauliza sasa anataka nini. Mwalimu akaligusa lile daftari la picha na kumwambia anioneshe na wengine, wahandisi, walimu, makarani, watu wa mashati yaliyopigwa pasi kama nilivyoeleza.

"Hatuna picha za watu wa namna hiyo," akasema mpelelezi.

Nadhani hata yeye aliyasikia maneno yake, maana alilitazama lile daftari kama limewekwa pale na mtu mwingine. Mwalimu akanigeukia, akaniuliza yule mteja alisema masanduku ni ya nini. Nikamwambia, mita za maji. Akasema mwongo akiazima uongo huuazima karibu na kwake. Mpelelezi akachukua simu.

Picha ililetwa alasiri kutoka idara ya maji. Ilikuwa ya wafanyakazi wote wamesimama mbele ya tangi jipya siku ya kulifungua, wamevaa kofia za plastiki, wanacheka. Sikutafuta sana. Mstari wa pili, wa nne kutoka kushoto, akitabasamu vile vile alivyotabasamu alipopokea kikombe changu cha maji. Nikaweka kidole. Mpelelezi akainama, akavua miwani, akaivaa.

"Huyu? Huyu nilikuwa naye kikao cha usalama wa ukumbi mwezi uliopita," akasema. "Ni mhandisi. Ana mke, ana nyumba."



Walimkuta mezani kwake ofisini, anaandika. Wanasema aliwaomba amalizie sentensi. Nyumbani kwake walipata masanduku matano na kurasa thelathini na kitu za mwandiko mzuri ulionyooka. Mwalimu aliruhusiwa kuzisoma, na aliponieleza ilibidi anieleze mara mbili, maana mara ya kwanza nilidhani sikuelewa kwa sababu ya elimu yangu ya darasa la saba. Mhandisi aliandika kuwa amefanya vile kwa ajili ya maskini wanaonyimwa riziki kwenye madirisha ya manispaa. Kwa ajili yetu sisi. Na waliokuwa kwenye foleni ni nani, kama si sisi?

Mjomba alilala kule kituoni siku sita. Siku ya kumtoa tulikwenda mimi, mtoto na Mwalimu. Alikuwa amepungua, ndevu zimeota nyeupe ambazo sikujua anazo. Mwalimu akamweleza habari ya zile kurasa, alimweleza kwa woga, kama mtu anayetoa taarifa ya msiba. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho.

"Nani alimtuma?" akauliza.

Akauliza tena, kwa sauti ndogo, akimtazama kila mmoja wetu, kana kwamba mmoja wetu huenda alimtuma akasahau kumwambia. Kisha akataja jina la utani la mshona viatu, akasema kwamba yule alikwenda pale na koti la watu.

Mpelelezi alimrudishia mkanda wake, kinyago na kopo la ugoro. Akamwomba radhi kwa maneno machache ya kiume, halafu akakohoa. Akasema kuna jambo Mzee atalikuta huko, bora alijue mapema. Kwa ajili ya usalama, manispaa imeamua kuondoa mabanda yote yasiyo na leseni.

Mjomba alikuwa anafunga mkanda. Tundu alilozoea halikumkaza tena, akatafuta la mbele yake.

"Yule aliyefanya," akasema, "alikuwa na kibali cha kila kitu."

Mpelelezi akatazama mlango.

Tulikwenda moja kwa moja, hakutaka kupitia nyumbani. Nilikuwa nimesikia kelele za tingatinga juzi yake, lakini kusikia si kuona. Kando ya ukuta wa ghala palikuwa peupe kama kiwanja cha mpira. Mabanda hamsini, hata mashimo ya nguzo yamesawazishwa. Mwalimu alishika mdomo. Alianza kusema kwamba hivi ndivyo alivyoogopa, kwamba wamewafungia milango watu wale ambao hawakufanya, na aliyefanya hakuwahi kukuta mlango uliofungwa. Akashindwa kuendelea, akalia pale pale barabarani, mwanamke mzima wa chuo kikuu, na mafundi wawili watatu waliokuwa wamesimama wakageuka upande ili wamsitiri.

Mjomba hakulia. Aliingia katikati ya ule weupe akihesabu hatua kutoka kwenye kona ya ukuta. Akasimama mahali, akachuchumaa, akaanza kufukua kwa vidole. Akatoa kijiti cha kuchomelea kilichobaki nusu. Akakipuliza vumbi, akakiweka mfuko wa shati. Akatoa kingine.

Askari wa manispaa aliyekuwa akilinda uwanja akaja na fimbo, kijana wa kama umri wangu, akasema hapa hairuhusiwi kufanya kazi yoyote.

"Sifanyi kazi, baba," Mjomba akamwambia bila kuinua kichwa. "Naokota."

Yule askari akanitazama, akamtazama Mwalimu anayejifuta kwa kilemba chake. Hakujua sheria inasemaje juu ya kuokota. Nikamfungua mtoto mgongoni, nikamtandikia kanga penye kivuli cha ukuta, nikainama upande wa pili wa Mjomba. Ardhi ilikuwa ya moto. Tulipata vijiti ishirini na saba, tupa moja ya kusugulia chuma, na mguu wa kitanda cha mtu.