Dalali Aliyenong'ona

Dalali wa nyanya niliyepakana naye meza huongea na simu kwa kupayuka, utadhani mkulima yuko ng'ambo ya mlima na simu ni pambo tu. Huku anapayuka, kidole gumba chake hubonyeza nyanya mojamoja, polepole, kama anayepima homa ya mtoto. Soko zima tunajua mzigo wa nani unakuja. Jana soko lilifurika nyanya, zetu zikakosa wanunuzi na kuanza kuvuja maji. Mkulima wake alipopiga kuuliza kama achume, nilimsikia akinong'ona kwa mara ya kwanza: "Usichume, mdogo wangu. Ukileta leo utazimwaga." Na yeye asipopokea mzigo, siku hiyo hana kamisheni yake. Mchuuzi aliyekuwa akivizia bei ya kutupa akasogea. "Shangazi, mzigo unakuja?" "Mtandao unasumbua, sikumsikia," akajibu kwa sauti yake ya siku zote, akafuta meza yake iliyokuwa tayari safi.