Nilimteta member wa gofu hapa Muscat, mzee akageuka

Wakuu, salaam. Nitaandika niliyoyaona, na nisiyoyaona nitasema sikuyaona. Mwandiko mnivumilie, shule niliishia la saba.

Nakaa Wadi Kabir, kazi yangu ipo kwenye club ya gofu, ya members tu.

Si majani matupu kama mnavyoona kwenye TV. Pori wameliacha kama lilivyokuwa: migunga, vichaka vikavu, mawe ya wadi, yaani mto mkavu. Mpira ukiingia humo, tajiri anainama kama anatafuta mayai ya kuku.

Mimi na Wanjiru, dada wa Kenya, tunaendesha kigari cha vinywaji.

Asubuhi moja mzee wa Kiomani alikuwa anashindana na Mzungu, mashindano ya club. Mpira wa mzee ukaingia chini ya mgunga, na sisi tumepaki kivulini hapo hapo.

Kwa msiojua gofu: mpira unapigwa ulipolala. Ukiusogeza, unajiongezea pigo, na mwenye mapigo machache ndiye mshindi.

Mzungu alikuwa mbali. Mzee akajipanga na fimbo yake. Mpira ukahama kidogo.

Nikasema kwa Kiswahili, wala sikunong'ona: "Umemwona? Kausukuma na mguu."

"Wacha! Hawa matajiri hata mpira wanaiba?" Wanjiru akacheka. Nikacheka.

Mzee akageuka.

"Nnakusikieni. Mie mzaliwa wa Ng'ambo, Unguja."

Wakuu, sijui ilitoka wapi, nikasema, "Shikamoo."

"Marahaba. Haya mwanangu, nambie. Umeuona mguu wangu ukigusa?"

Wanjiru kainamia barafu, anaipanga upya. Mimi naona kazi imekwenda na viza imekwenda. Kumwita member mwizi!

Nilitaka kusema hapana ili nipone. Halafu nikajiuliza, na hiyo hapana nina uhakika nayo?

"Mpira niliuona ukihama, baba. Mguu ulikuwa karibu. Kugusa sikuona. Nilisema tu."

Akautazama mpira.

"Hata mie sijui. Nlikuwa nnatazama shimo."

Akampigia Mzungu kelele kwa Kiingereza kwamba mpira umehama, hajui kama ni yeye, anajiongezea pigo moja. Mzungu akamjibu, kama huna uhakika achana nalo. Mzee akakataa.

Siku ile alishindwa. Sisemi ni kwa sababu ya pigo hilo, maana sikuwa nahesabu.

Kwa supervisor hakunishtaki. Au alinishtaki na supervisor akaninyamazia, sijui. Kazini bado nipo.

Najua mtasema, Muscat hii unamtetaje Mwarabu kwa Kiswahili, wamejaa Wazanzibari. Sawa, hilo nimejifunza.

Ila linalonikosesha raha ni jingine. Wote wawili hatukujua. Yeye kwa kutojua akajihukumu mwenyewe. Mimi kwa kutojua nikamhukumu yeye.

Pengine namsifia mno, pengine pigo moja kwake si kitu. Karibuni mnikosoe.

Na mtakaosema kweli aliusukuma, niambieni mmejuaje.