Mwalimu Alipoosha Tangi

Mume wangu alistaafu mwezi wa Disemba, na kwa kuwa kila Disemba huwa yuko nyumbani, sikuona tofauti yoyote. Tofauti ilikuja Januari, shule zilipofunguliwa na yeye hakwenda.

Tulioana tukiwa vijana, na tangu hapo kazi yake ilikuwa mbali. Alifundisha pande za Kuresoi, akahamishiwa karibu na Keringet, mahali ambapo mvua ikinyesha gari haliingii wala halitoki, na huko ndiko alikofanywa mwalimu mkuu. Mimi nilibaki hapa Dundori na shamba la viazi, ng'ombe na watoto. Alikuja mwisho wa mwezi, alikuja likizo. Likizo ikikaribia kwisha nilimpigia mashati pasi, nikamfungia viazi kwenye gunia dogo, akaenda. Ndoa yetu tuliilea hivyo, kwa likizo, na sitadanganya, ilikuwa ndoa nzuri. Mtu akiwa anaondoka Jumatatu, mengi unamwachia.

Siku ya kwanza ya muhula aliamka kabla yangu. Nilipoingia sebuleni na chai nilimkuta ameketi wima, ameoga, amevaa shati jeupe, sweta yake ya damu ya mzee, na tai.

"Unaenda wapi?" nikamuuliza.

"Siendi mahali."

"Na tai?"

"Tai ni tai tu, Mama. Weka chai."

Niliweka chai. Nilidhani ni mambo ya siku moja, mtu anazoea pole pole. Kumbe huo ulikuwa mwanzo.

Kiangazi cha huku kwetu ni kigumu. Asubuhi baridi inakuuma vidole ukikamua, na mchana jua linapasua udongo mpaka mguu wa kuku unaweza kuingia kwenye ufa. Mji wa Nakuru ulioko kule chini hupotea ndani ya vumbi, huoni hata paa moja. Nyasi hakuna, ng'ombe anakula mabua makavu ya mahindi na maganda ya viazi. Ni wakati wa kukaa kimya na kufanya kazi chache, na kazi hizo nilizipanga miaka mingi, kila moja na mahali pake.

Sasa nilikuwa na mkaguzi. Nikienda jikoni, yuko nyuma. Kwa nini sufuria kubwa zinakaa juu na ndogo chini? Kwa nini kuni zinawekwa upande wa upepo? Nikifungua redio, anamsahihisha mtangazaji. "Si *masaa*, ni *saa*," anaiambia redio, na redio haimsikii, kwa hivyo ananigeukia mimi. Chakula cha mchana kikichelewa kidogo anasimama mlangoni akitazama saa yake ya mkono, hasemi neno. Afadhali angesema.

Jambo lililoniuma zaidi lilikuwa la jirani yangu. Huyu mama tumekaa ua kwa ua tangu watoto wetu wakiwa wadogo. Alikuwa akiingia kwa mlango wa jikoni bila kubisha, anachukua kisu, tunamenya viazi pamoja tukizungumza habari za kanisani, za wakwe zake, za nani amenunua nini. Siku moja alikuwa katikati ya kisa kirefu cha mke wa mwanawe, na Mwalimu akavuta kiti akaketi nasi. Alisikiliza kwa makini sana. Halafu akauliza:

"Sasa, hoja yako hasa ni ipi?"

Jirani alinitazama. Mimi nilitazama viazi. Akamaliza chai kwa haraka, akasema amekumbuka kuna nguo ameanika. Tangu siku hiyo alisimama upande wake wa ua.

"Mkubwa yuko?" anauliza.

"Yuko."

"Basi tutaonana."

Yuko. Kila siku yuko.

Ndipo dada yangu wa Rongai alipoanguka akavunjika mkono, na akanipigia simu nikamsaidie mpaka apate nafuu. Nilimpa pole, na nilikuwa na huruma ya kweli, lakini nilifunga mfuko wangu haraka kuliko ilivyohitajika. Kabla ya kuondoka nilimwonyesha Mwalimu dawa ya ng'ombe, nikamwonyesha unga, nikampeleka mpaka kwenye tangi nyuma ya nyumba. Lilikuwa limebaki chini ya nusu, maji ya mvua ya mwaka uliopita, ya kupika, ya kunywa na ya ng'ombe jioni, mpaka mvua kubwa irudi. Nilimwambia aangalie maji. Yeye anashikilia kwamba nilisema aangalie *tangi*. Maneno hayo tunayabishania mpaka leo.

Kule Rongai nilifua, nilipika, nilimchana dada yangu nywele, na nilipumzika kama mtu aliye hotelini. Mwalimu alipiga simu mara kwa mara. Kiberiti kiko wapi. Kamba ya ng'ombe iko wapi. Mara ya mwisho sauti yake ilikuwa na furaha.

"Mama, kuna kitu nimekufanyia. Utajionea."

Kwa umri wangu, mume akisema hivyo, moyo haurukiruki. Moyo unauliza amevunja nini.

Niliporudi nilianza kuona kutoka getini. Mawe ya kando ya njia yalikuwa yamepakwa chokaa, jeupe, kijivu, jeupe, kijivu, kama njia ya kwenda ofisi ya mwalimu mkuu. Maua yangu, ambayo niliyaacha yameinamisha vichwa, yalikuwa yamesimama. Udongo chini yao ulikuwa mweusi, umelowa. Nikaweka mfuko chini. Nikazunguka nyumba. Tangi lilikuwa linang'aa, limesuguliwa mpaka juu, na Mwalimu alikuwa amesimama kando yake na gambuti miguuni, anangoja nimsifu.

Niligonga tangi kwa vidole. Likalia kama ngoma.

"Maji yako wapi?"

"Yalikuwa machafu, Mama. Chini kulikuwa na tope namna hii. Na vidudu vinaogelea."

"Mwalimu, maji yako wapi?"

"Nimemwaga. Huwezi kuosha tangi likiwa na maji ndani. Nimemwagia maua, mengine nikapigia deki." Halafu akaongeza, kwa sauti ile ya paredi ya asubuhi shuleni, "Muhula wa kwanza ukifunguliwa, matangi yanaoshwa. Hiyo ni afya."

"Na maji mengine yatatoka wapi?"

Akatazama juu. Naapa, aliinua uso akatazama mbingu, bluu kutoka upande huu mpaka ule, bila hata wingu la kufunika kucha. Kule alikokuwa akifundisha, mvua haikai mbali. Tangi likioshwa Jumatatu, Ijumaa limejaa. Na hapa kwake alikuwa akiondoka shule zikifunguliwa, kabla kiangazi hakijashika. Nikaelewa kwamba mume wangu hakuwahi kuona Februari nzima akiwa nyumbani kwake, zaidi ya wikendi ya mwisho wa mwezi.

Nilielewa, lakini sikunyamaza. Nilisema mambo mengi pale nyuma ya nyumba. Nilisema hii si shule na mimi si mwanafunzi. Nilisema habari ya sufuria, ya redio, ya jirani yangu aliyefukuzwa jikoni. Na mwisho nikasema, "Mimi nilikuwa nimekaa vizuri kabla uje."

Aliketi kwenye jiwe, akavua gambuti moja, kisha ya pili, akaziweka sambamba ukutani.

Asubuhi iliyofuata niliamshwa na mlio wa gurudumu. Alikuwa amepakia mitungi kwenye wilbaro, anateremka kwenda kisima cha kanisa. Hakuwa na tai. Ni mbali kwenda, na kurudi ni mlima mtupu. Aliporudi jua lilikuwa limepanda, suruali imelowa mpaka magotini, kwa sababu hakujua kwamba ukifunika mtungi bila kuweka kipande cha nailoni chini ya kifuniko, nusu ya maji inabaki barabarani. Nilijua. Sikumwambia. Akamimina ndani ya karai la ng'ombe, na ng'ombe akaingiza mdomo, akavuta, akavuta, mpaka tukasikia ulimi ukilamba bati.

"Amemaliza?" Mwalimu akauliza.

"Amemaliza."

"Yote?"

Akageuza wilbaro, akateremka tena.

Hiyo ikawa kazi yake. Huko kisimani wanawake walimpisha mbele kwa heshima, akakataa, akasema atafuata foleni. Na kwa sababu ni yeye, hakuweza kufuata foleni tu, ilibidi aipange. Jirani yangu aliniambia juu ya ua, "Leo Mwalimu ametupanga mstari, mitungi ya manjano huku, ya bluu huku." Nikamwomba radhi. Akasema hakuna shida, wale wa kuingilia kati wamekoma. Lakini kesho yake mama mmoja alichoka akamwambia mbele ya watu, "Mzee, hapa si paredi." Alirudi nyumbani amenuna, nikampakulia chakula, tukala. Zilikuwa siku za namna hiyo. Kuoga kwa kikombe. Maji ya kuoshea mboga yanaoshea vyombo, ya vyombo yanaenda kwa ng'ombe. Kila nilipochota kikombe hasira ilipanda upya.

Siku moja alikawia. Chai ilipoa, nikaipasha, ikapoa tena. Nikajifunga leso, nikateremka. Nilimkuta njiani, mahali kilima kinapoanza kuwa kikali, ameketi kwenye ukingo wa barabara, mkono mmoja kiunoni. Wilbaro ilikuwa imelala upande, na maji yalikuwa yameandika mstari mrefu ndani ya vumbi. Mwanaume wa bodaboda alikuwa amesimama kando yake.

"Mathe, mzee amekataa kusaidiwa," akaniambia. "Mgongo umeshika."

"Umeshika kidogo tu," Mwalimu akasema.

Nilimshukuru yule mtu wa boda akaenda. Nikasimamisha wilbaro. Mitungi miwili ilikuwa bado na maji. Nikaketi karibu naye, kwa sababu hakuweza kusimama na mimi singeweza kumbeba. Tulikaa tukitazama bonde. Vumbi lilikuwa limefunika kila kitu huko chini.

"Ulisema ulikuwa umekaa vizuri kabla nije," akaanza.

"Nilikuwa na hasira."

"Lakini ni ukweli?"

Ningeweza kumdanganya. Nilifikiria, nikaona tumezeeka sana kwa hilo.

"Ni ukweli."

Akatikisa kichwa, si kwa kukataa. "Hata mimi nilikuwa nimekaa vizuri huko," akasema. Akaniambia juu ya nyumba yake ya shule, ambamo mimi nililala mara chache sana. Chumba na jikoni. Kiti chake cha nje, anapokaa jioni kusahihisha vitabu mpaka giza limzuie. Stovu yake. Anajua kijiko kiko wapi hata akifumba macho. "Hapa nikitaka chumvi lazima niulize. Nyumba nimejenga mimi, na chumvi sijui iko wapi. Sasa nikiwa nimekaa tu hivi, naona ni kama nangoja mtu aniambie likizo imeisha."

Mimi nilikuwa nimemwona kama mtu aliyenivamia, na muda wote huo mwenyewe alikuwa anajiona mgeni.

"Chumvi iko kwa mkebe wa majani ya chai," nikasema.

"Kwa nini chumvi iwekwe kwa mkebe wa majani?"

"Na majani yamo kwa mkebe wa chumvi. Usianze."

Akacheka, mgongo ukamkata, akashika kiuno na kuendelea kucheka kwa uchungu. Nikamshika mkono akasimama. Tulipanda pole pole, mimi nikisukuma, yeye akishika kando ya mtungi usiyumbe na kunieleza namna nzuri ya kukwepa mashimo. Nilimvumilia mpaka getini.

Mgongo ulipopona alisema anataka stoo ya zamani ya viazi. Sikuuliza ya nini. Akaifagia, akaweka dirisha, akaingiza meza, kiti, na ile stovu aliyorudi nayo kutoka Keringet, ambayo mimi nilikuwa nimeificha chini ya magunia. Asubuhi baada ya kuleta maji anaenda huko. Sijui anafanya nini. Namsikia akiisahihisha redio yake mwenyewe, na hiyo ni kati yake na redio. Jirani yangu alipoona mlango wa stoo unafunguliwa kila siku alivuka ua, akachukua kisu, akaanza kisa alipokiachia.

Msifikiri nimepata malaika. Mawe bado anayapaka chokaa. Na mvua ilichelewa, tukabeba maji siku nyingi ambazo tusingekuwa na haja ya kuyabeba.

Lakini mchana mmoja, kabla mvua haijaja, aliniita kutoka stoo. Nilienda nikidhani ameumia tena. Alikuwa ametandika gazeti juu ya meza, na juu yake ugali, sukuma wiki na mayai yaliyokaangwa na nyanya. "Karibu," akaniambia, akanivutia kiti. Nikanawa, nikakata tonge. Ugali ulikuwa mgumu vizuri, laini ndani, hauna bonge hata moja. Kusema kweli ulikuwa mzuri kuliko wangu. Nikafikiria likizo zote zile, Aprili, Agosti, Disemba, nikitoka shambani na matope miguuni, nikikimbilia jikoni kwa sababu Mwalimu yuko sebuleni anangoja chakula.

"Kumbe unajua kupika hivi?" nikamuuliza. "Na hujawahi kunipikia?"

"Hukuwahi kuniambia nipike," akasema, akanisogezea mboga.

Nilimtazama. Halafu nikakata tonge lingine, kwa sababu nilikuwa na njaa.