Sefu Alisema "Wa Kuja"

"Njo huyu, wa kuja," Sefu Kalume, jirani yetu, aliwaambia waasi, akawaonyesha baba yangu kwa kidole. Wakamupeleka upande wa mutoni, mikono yake ingali na matope ya shamba.

Juzi nilimuona Sefu kwa mukutano, na kofia mupya, anafundisha watu kulima pamoja. Roho ikaniwaka.

Kulima pamoja alifundishwa na baba. Tulikuja Kindu na treni, toka Kasai, na baba akaita majirani: shamba moja, kila mutu anakula. Alikataza kuchoma majani. "Yaoze tu, udongo nao iko na njaa." Sefu alicheka: "Papa, unilishe na mimi basi!" Na tulimulisha.

Alasiri ile walipomupeleka baba, mpunga ulinukia, wanawake walikuwa wanatwanga. Kwetu, mugeni wa kuja anachinjiwa kuku. "Mama, usilie," nikasema, "wanaenda kumupikia." Mama akanifunika mudomo. Wanawake wakaacha kutwanga. Leo najua: wa kuja ni mutu asiye na wa kumutetea.

Sefu, shamba lile unalima mpaka leo. Baba yangu mulimutupa wapi? Jibu mbele ya watu wako.