Vali Namba Tisa

Jina la Bi Kipanya alipewa na makarani wa idara ya maji, nusu kwa utani, nusu kwa husuda. Alikuwa mwanamke pekee katika chumba cha kompyuta, mwembamba, asiye na kishindo akitembea, na kazi yake ilikuwa kuandika programu ambazo wenzake walizitumia kwa kubofya kipanya. Jina likamganda. Hata mama yake mzazi akawa anamwita hivyo akitaka kumchokoza.

Aliyemfikisha hapo ni mjomba wake. Baba alipofariki, binti akiwa na miaka sita, mjomba ndiye aliyeubeba mzigo wa dada yake na mtoto wake: sare, madaftari, viatu, mpaka karo ya chuo. Mjomba alikuwa mwendeshaji wa kituo cha pampu kule kilimani, na watu walimwita Mzee Koki, kwa kuwa kwa miaka ishirini na sita hakuna tone lililoingia mjini bila kupita mikononi mwake. Nafasi ilipotangazwa, ni yeye aliyezunguka ofisi hadi ofisi na bahasha ya vyeti vya mpwa wake. "Siombi upendeleo," alikuwa akisema. "Mpeni mtihani tu." Wakampa mtihani, akawaacha wenzake mbali.

Katika chumba cha Mzee Koki ukuta mzima ulikuwa na mikono ya chuma, kumi na minne, kila mmoja wa vali yake. Kufunga vali ulishika mkono kwa ngumi na kuuvuta chini kwa uzito wa mwili. Kisha wakubwa wakaamua kuwa mambo hayo yamepitwa na wakati. Vali zitaendeshwa na kompyuta, na atakayeandika programu ni Bi Kipanya.

Alifanya kazi ile kwa miezi saba, na aliipenda. Alichora mabomba yote kwenye skrini, matangi yakiwa ya bluu, na kila vali akaichora kama duara dogo. Sasa duara lililochorwa halijui kitu. Ni yeye aliyepaswa kuifundisha programu kuelewa mtu amegusa nini na anataka nini. Akaiambia hivi: mtu akibonyeza juu ya duara na kuachia palepale, anataka kufungua au kufunga vali. Akibonyeza, akasogeza kipanya, ndipo akaachia, basi anaiburuta picha kuipeleka mahali pengine. Hilo la kuburuta lilitakiwa na meneja, aliyetaka kila kituo kiweze kupanga mchoro wake chenyewe.

Ikabaki kuamua mkono usogee kiasi gani ndipo ihesabike kuwa ni kuburuta. Bi Kipanya hakulifikiria sana. Akaandika kwamba ukisogea hata nukta moja ya skrini, umeburuta. Mezani kwake, kwa vidole vyake vya miaka ishirini na tisa, programu ilikwenda kama maji.

Siku ya kujaribu, Mzee Koki aliketi mbele ya skrini akakishika kile kipanya kama mtu aliyekabidhiwa yai. Mkono wake ulikuwa na tetemeko dogo, la miaka mitatu minne hivi. Kwenye ile mikono ya chuma hakuna aliyeliona, maana kitu kizito humtuliza mtu. Kwenye kitu chepesi lilijitokeza lote.

"Mpwa wangu, kidude hiki chepesi mno. Kinanikimbia."

Bi Kipanya akacheka. "Utazoea, mjomba. Wewe uliyezoea mapampu yale yanayonguruma utashindwa na kipanya?"

Mzee naye akacheka. Wiki iliyofuata ile mikono ya chuma ikang'olewa ukutani na kupelekwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu.

Miezi miwili baadaye, saa tisa mchana, bomba kubwa lilipasuka chini ya kilima. Mzee Koki alikuwa zamu peke yake. Kengele ilipolia alijua mara moja la kufanya: afunge vali namba tisa. Akabonyeza. Duara likabaki kijani, rangi ya vali iliyo wazi. Akabonyeza tena, na tena. Duara likawa linachezacheza tu, mara huku mara kule, nayo vali iko wazi na maji yanateremka. Mwishowe akakitupa kipanya, akashuka ngazi zote mbio hadi kwenye shimo la vali, akalizungusha gurudumu la chuma kwa mikono yake mpaka maji yakakatika. Dakika kumi na moja zilikuwa zimepita. Kule chini ukuta wa kibanda cha fundi viatu ulikuwa umeshamwangukia mwenyewe na kumvunja mguu sehemu mbili.

Kamati ya uchunguzi ikaundwa. Programu ilikuwa na daftari lake la kumbukumbu, nalo liliandika amri tu. Kwa dakika zile kumi na moja halikuwa na kitu. Wakasema mzee alisinzia. Wengine wakasema alipigwa na bumbuwazi, uzee huo.

"Nilibonyeza," alisema Mzee Koki kwa kila aliyemuuliza na asiyemuuliza. "Nilibonyeza mpaka kidole kikafa ganzi."

Asubuhi ya siku ya kikao cha kamati, Bi Kipanya aliufungua mchoro wa kituo. Vali namba tisa haikuwa mahali alipoichora. Ilikuwa imetoka juu ya bomba lake na kusogea pembeni upana wa kidole. Akatazama faili linalotunza mahali pa kila picha. Vali namba tisa ilikuwa imehamishwa mara thelathini na nane, ndani ya dakika zilezile kumi na moja.

Mzee alibonyeza kweli, mara thelathini na nane, na kila mara mkono ulipotetemeka nukta moja, programu yake ilidhani anapanga mchoro.

Aliichapisha orodha ile akaenda moja kwa moja kwa meneja, karatasi mkononi. Meneja akaisoma taratibu, akaikunja mara mbili.

"Nani mwingine ameiona hii?"

"Hakuna, bosi."

"Vituo vingine vitatu vinaipokea programu yako mwezi ujao. Ukisema hili leo, nani ataipokea? Na kazi yako itabaki?" Kisha akalainisha sauti, maana alikuwa mtu wa kuuma na kupuliza. "Mjomba wako amebakiza mwaka mmoja na nusu astaafu. Wewe una miaka thelathini mbele yako. Yeye mwenyewe ukimuuliza, atachagua uokoke wewe. Jibu utakachoulizwa tu. Hakuna anayekuambia useme uongo."

Kikaoni Mzee Koki alikaa upande wa pili wa meza, amevaa koti lake zuri. Mwenyekiti akamgeukia Bi Kipanya.

"Kwa ufahamu wako, programu ilipokea amri yoyote ya kufunga vali?"

Mzee alimtazama kwa matumaini yote, kama mtu aliyeona shahidi wake anafika.

"Hapana," alisema Bi Kipanya. "Haikupokea."

Ilikuwa kweli, neno kwa neno. Mzee Koki akainamisha kichwa. Aliachishwa kazi wiki ileile, kwa uzembe, na barua yake haikuwa na hata mstari mmoja wa ahsante.

Bi Kipanya alirudi mezani, akabadilisha mistari miwili: mkono ukisogea chini ya nukta nane, ihesabike kuwa ni kubonyeza. Ilimchukua muda usiotosha kunywa kikombe cha chai. Vituo vitatu vikaipokea programu, na meneja akamsifu mbele ya watu.

Alivumilia siku kumi na saba, kisha akaenda nyumbani kwa mjomba. Mkaza mjomba alimkaribisha ndani kwa furaha; hakuwa na habari. Mzee alikuwa kibarazani, anachambua maharage kwenye sinia, mkono wake ukitetemeka juu ya punje.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Hakukaa. Alieleza yote akiwa amesimama: ile nukta moja, mara thelathini na nane, karatasi iliyokunjwa. Mzee alisikiliza bila kuacha kuchambua.

"Kwa hiyo nilibonyeza," alisema.

"Ulibonyeza, mjomba."

"Nilikuwa nimeanza kudhani nimerukwa na akili. Namwambia mke wangu, labda kweli nilisinzia." Akatupa kijiwe pembeni. "Wewe ulijua lini?"

Angeweza kumdanganya. "Asubuhi ile. Kabla ya kikao."

Mkono wa mzee ukasimama. Aliposema, hakupandisha sauti.

"Kosa la kazi ningekusamehe palepale. Nani hakosei? Ila pale mezani nilikutazama." Akalisukuma sinia kando. "Nenda nyumbani, mwanangu. Umechelewa."

Bi Kipanya aliandika barua kwa wakubwa wa idara, kurasa tatu, na faili zote ndani. Alijibiwa baada ya miezi minne: barua imepokelewa, ila shauri lilikwisha fungwa, na mhusika hakukata rufaa ndani ya muda. Yeye mwenyewe hawakumfukuza. Walimhamishia chumba cha nyuma, kazi ya kurekebisha programu za watu wengine. Mama yake aliposikia kisa chote, alisema neno moja tu, "Ndugu yangu?", akaingia chumbani akafunga mlango. Tangu hapo wanaongea, lakini mambo ya nyumbani tu: unga umekwisha, mvua imeingia dirishani.

Mwaka uliofuata mama alilazwa kwa shinikizo la damu. Mjomba akaja hospitali na mkewe. Bi Kipanya aliinuka kwenye benchi la kando ya kitanda akamwamkia, naye akaitikia, kwa kuwa mtu hanyimwi salamu. Akamuuliza muuguzi dawa zinatolewa saa ngapi, na wodi inafungwa saa ngapi. Kisha akaketi upande ule mwingine wa kitanda, akaushika mkono wa dada yake kwa mikono yake yote miwili, na mpaka kengele ya wageni ilipolia hakugeuza uso.